Mifumo Isomane: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Katika mikutano ya TEHAMA agizo hili halikosekani: mifumo isomane. Agizo ni zuri, lakini haliandiki msimbo. Anayeandika ni kijana wa Nyegezi au Buzuruga, hapa Mwanza, aliyepewa wiki mbili kuunganisha mfumo wa stoo wa mteja wake wa Kirumba Mwaloni, ulioandikwa kwa PHP, na mfumo wa malipo ya Serikali, kampuni tatu za simu, risiti za TRA, na programu ya mhasibu iliyoandikwa kwa C# zamani na mtu ambaye siku hizi hapokei simu.

Kijana huyo akikwama, husikika akisema Java na PHP hazielewani. Java na PHP hazijawahi kukutana. Kinachokutana ni ujumbe, yaani mfululizo wa baiti unaotoka seva moja kwenda nyingine. Shida huanza pale mazoea ya lugha moja yanapojipenyeza ndani ya ujumbe, na upande wa pili ukausoma kwa mazoea yake wenyewe. Kwa hiyo kanuni zote zilizomo humu zina mzizi mmoja: mazoea ya lugha yako yabaki nyumbani kwako, na njiani upite ujumbe uliokubaliwa tu. Zishike zote. Hakuna ya hiari.

MAMBO YA KUFANYA

1. Andika mkataba kabla ya kuandika msimbo.

Mkataba ni hati inayotaja kila sehemu ya ujumbe: inaitwaje, ni ya aina gani, ni ya lazima au la, urefu wake ni upi, na kosa likitokea litaelezwaje. Kwa huduma za SOAP hati hiyo ni WSDL. Kwa huduma za JSON ni OpenAPI. Usianze kwa kuandika darasa la Java kisha ukaiamuru programu ikutolee WSDL kutokana nalo. Hapo utakuwa umeorodhesha tabia za Java na kuzibatiza mkataba. Anza na ujumbe; darasa lifuate.

Bandari ya Mwanza Kusini inafundisha jambo hili kila meli ya mabehewa inapofunga gati. MV Umoja hubeba mabehewa ya treni hadi Port Bell, Uganda, na mabehewa huingia na kutoka melini kwa magurudumu yake, mzigo ukiwa ndani. Hilo linawezekana kwa sababu reli ya Mwanza, reli iliyomo melini na reli ya Port Bell zina upana mmoja, milimita 1,000. Behewa la reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, haliwezi kupanda meli hiyo hata likiwa limetoka kiwandani jana. Upana mmoja ulikuwepo kwanza, ndipo safari hizo zikawezekana. Aina ya injini ya kila nchi haikuhusika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa fedha za simu pia. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja kutoka pochi hadi pochi, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Kuunganisha seva ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa kanuni: fedha zinahesabiwa zimefika wakati gani, ada inagawanywaje, na muamala ukikwama katikati nani anamhudumia mteja. Ukiona muunganisho wako unasuasua, fungua mkataba wako usome. Mara nyingi utakuta haupo.

2. Tuma kila namba ya utambulisho kama maandishi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Namba nzima kubwa kuliko zote ambayo JavaScript huihifadhi bila hatari ya kukosea ni 9007199254740991, tarakimu 16. Aina ya long, ya Java na ya C#, huishia tarakimu 19. Hata ulong ya C#, isiyokubali namba hasi, kikomo chake ni 18446744073709551615; na kwa kuwa namba ya NIDA huanza na mwaka wa kuzaliwa, aina hiyo ingewatosha tu watu waliozaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma. Huna mteja wa umri huo.

Ubaya zaidi, JavaScript haitapiga kelele. Itazungusha tarakimu za mwisho kimyakimya na kukupa namba ambayo si ya mwananchi aliyesimama dirishani. Java itakataa waziwazi, na hilo ni afadhali.

Tokeni ya LUKU nayo ina tarakimu 20, na inaweza kuanza na sifuri. Namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo mtaani inaitwa kontroo namba, ina tarakimu 12. Haitoshei kwenye namba nzima ya biti 32, ambayo kikomo chake ni 2147483647. Namba ya simu ikitumwa kama namba hupoteza sifuri ya mbele. Na hata ikiwa maandishi, amua ndani ya mkataba kama itaanza na 0, 255 au +255. Chagua 255, ikatae nyingine yoyote mlangoni.

Kipimo ni rahisi: kama hutaijumlisha wala kuigawanya, ni maandishi.

3. Andika tarehe kwa mtindo mmoja, na taja tofauti ya saa.

Tarehe 05/06/2025 kwa mtu wa Mwanza ni tano Juni. Kwa seva iliyoachwa na mipangilio ya Marekani ni sita Mei. Kosa hilo haligunduliki siku 12 za mwanzo za mwezi. Tarehe 13 ikifika ndipo mfumo unaanguka, na wewe unaanza kutafuta kilichobadilika jana wakati hakuna kilichobadilika. Tumia mtindo wa RFC 3339, uliotolewa mwaka 2002: mwaka, mwezi, siku, herufi T, saa, kisha tofauti na saa ya dunia. Mfano: 2025-07-01T00:30:00+03:00.

Ile +03:00 ya mwisho si pambo. Saa sita na nusu usiku wa kuamkia Julai 1 hapa Mwanza, saa ya dunia bado ni 21:30 ya Juni 30. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Ukiacha tofauti ya saa, ushuru uliolipwa usiku ule utaingia kwenye vitabu vya mwaka wa fedha uliokwisha, na mkaguzi wa hesabu hatakubali maelezo yako kuhusu seva.

Usitume sekunde tangu 1970 ukidhani zinaeleweka kwa wote. PHP huhesabu sekunde, Java na JavaScript huhesabu milisekunde, na mifumo ya zamani ya .NET hufunga milisekunde hizo ndani ya neno /Date(…)/. Namba moja, tofauti ya mara 1,000.

Saa ya Kiswahili nayo ibaki kwenye skrini. Abiria wa meli ya Bukoba asomewe "saa 3 usiku" kwenye tiketi yake, lakini ujumbe kati ya mifumo ubebe 21:00. Anayebadilisha ni ukurasa unaomwonyesha abiria, tena mahali pamoja tu.

4. Tumia UTF-8 kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ukanda huu una majina ambayo mifumo iliyoandikwa ovyo haiyawezi. Nyang'hwale ni wilaya ya Mkoa wa Geita, na majina ya Kisukuma yenye ng' yamejaa kwenye orodha zetu za wateja, wanafunzi na wagonjwa. Alama ile ndogo juu ya herufi ina sura mbili: iliyonyooka, ambayo iko kwenye kibodi ya kompyuta, na iliyopinda, ambayo simu nyingi na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti.

Iliyopinda ikitumwa kwa UTF-8 huwa baiti tatu. Seva ya Windows inayosoma kwa mpangilio wa zamani itazichukulia kuwa herufi tatu, na risiti itatoka imeandikwa Nyangâ€™hwale. Iliyonyooka nayo ina hatari yake: ukiiunganisha moja kwa moja kwenye amri ya kanzidata, amri hukatika katikati ya jina, na mlango wa wezi unafunguka.

Fanya mambo matatu. Tangaza UTF-8 kwenye kichwa cha ujumbe, kwenye kanzidata na kwenye faili. Geuza alama iliyopinda kuwa iliyonyooka pale jina linapoingia, kabla ya kulihifadhi. Usijenge amri ya kanzidata kwa kuunganisha maandishi. RFC 8259 ya mwaka 2017 inataka JSON inayopita kati ya mifumo iwe UTF-8, kwa hiyo hapo hakuna mjadala.

Angalia pia baiti tatu za alama ya mwanzo, ambazo baadhi ya njia za .NET huzibandika mbele ya faili bila kuulizwa. Msomaji wa XML wa Java akizikuta hulalamika kwamba kuna kitu kabla ya mwanzo wa hati, na wewe ukifungua faili huoni chochote. Ziondoe kwa mtumaji.

5. Tia sahihi maandishi yaleyale utakayotuma.

GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza kutumika mwaka 2017, hupokea ujumbe wa XML wenye sahihi ya kidijitali. Sahihi hukokotolewa juu ya maandishi yenyewe, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Ukiisha kuitia, usiupange upya ujumbe ili upendeze. Usiupitishe kwenye maktaba inayoongeza mistari. Kumbuka kwamba mwisho wa mstari kwenye Windows ni baiti mbili na kwenye Linux ni moja. Ukitia sahihi kwenye kompyuta yako na kutuma kupitia seva inayobadilisha mistari, sahihi imekufa.

Unapopokea, hifadhi ujumbe mbichi kama ulivyofika, hakiki sahihi yake, ndipo uufungue. Anayefungua kwanza, akaujenga upya, kisha akahakiki, anahakiki kitu alichokitengeneza mwenyewe.

6. Tofautisha "nimepokea" na "nimemaliza".

Ukiomba kontroo namba, jibu la kwanza la GePG ni kukiri tu kwamba ombi limefika. Namba yenyewe huja baadaye, kwa ujumbe mwingine unaotumwa kwenye seva yako. Kwa hiyo seva yako lazima iwe na mlango ulio wazi wa kupokea, na skrini ya karani lazima iwe na hali ya "inasubiri". Programu inayomwonyesha mvuvi neno "tayari" pale ilipopata ukiri wa kwanza inasema uongo. Nawe unapopokea taarifa ya malipo, kiri upesi, kisha fanya kazi ndefu ya kuandika vitabu baada ya kukiri.

7. Ujumbe uleule ukija mara mbili, ufanye kazi mara moja.

Mtandao wa visiwani hukatika. Muuzaji wa Ukara au Kome akibonyeza "lipa" na jibu likapotelea njiani, atabonyeza tena, na ana haki. Seva iliyotuma taarifa ya malipo na isipate ukiri itatuma tena, nayo ina haki. Asiye na haki ni wewe uliyehesabu malipo mawili.

Kila muamala upewe namba yake ya pekee na anayeuanzisha, kabla haujatumwa. Mpokeaji atafute namba hiyo kwenye kanzidata yake kwanza. Akiikuta, arudishe jibu lilelile la mwanzo bila kutoa wala kuingiza fedha. Zuio hilo liwekwe kwenye kanzidata yenyewe, kwa safu isiyoruhusu kurudia. Ukaguzi wa ndani ya programu peke yake hushindwa pale jumbe mbili zinapofika kwa sekunde moja.

8. Jaribu kwa lugha isiyo yako.

Java ikizungumza na Java, makosa yote ya mazoea hufichika, kwa sababu pande zote mbili zina mazoea yaleyale. Andika wateja wadogo watatu, mmoja kwa Python, mmoja kwa PHP, mmoja kwa C#. Mistari 30 kila mmoja inatosha. Kisha wape mifano migumu: jina lenye ng', namba ya NIDA kamili, orodha yenye kitu kimoja, orodha tupu, kiasi cha sifuri, Februari 29, na malipo ya dakika ya mwisho ya Juni 30. Mifano hiyo na majibu yake iambatanishwe na mkataba, ili hata atakayekuja baada yako aweze kuirudia.

9. Tunza vyeti, na ujue kila lugha inavitafuta wapi.

Cheti kinachokubalika kwenye kivinjari chako kinaweza kukataliwa na programu yako palepale. Java ina hifadhi yake ya vyeti vinavyoaminika. .NET kwenye Windows hutumia hifadhi ya Windows. PHP mara nyingi huhitaji kuonyeshwa faili. Andika kwenye mkataba ni mamlaka gani ya vyeti inatumika, na mlolongo mzima wa vyeti utumwe na seva. TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi na RFC 8996 mwaka 2021; mteja anayetumia Java 7 hataanza na TLS 1.2 mwenyewe mpaka alazimishwe, na dawa yake ni kuiboresha Java hiyo. Tarehe ya cheti kuisha iwekwe kwenye kalenda ya ofisi, si kichwani mwa mtu mmoja.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usitume umbo la ndani la lugha yako.

DataSet ya .NET, vitu vya Java vilivyogandishwa, maandishi ya serialize ya PHP: vyote hivyo ni vyombo vya jikoni. Mgeni havimhusu. Ulimwengu ulishalipia somo hili. SOAP 1.1 ilipotoka mwaka 2000 iliacha nafasi kwa kila kampuni kuzifunga data kwa mtindo wake, na matokeo yake huduma zilizodai kufuata kiwango kimoja zikawa hazisomani. Mwaka 2002 Microsoft, IBM na wenzao waliunda shirika la WS-I kurekebisha hali hiyo, na mwaka 2004 likatoa Basic Profile 1.0, ambayo kimsingi ilikuwa orodha ya "lazima" na "marufuku". Mtindo wa rpc/encoded ulikuwa miongoni mwa yaliyokatazwa. Kama bado unatunza huduma ya SOAP, tumia document/literal na usiulize mara mbili.

2. Usiache orodha ibadilike sura.

Hili ndilo kosa linalopita kwenye majaribio yote na kuanguka Jumatatu asubuhi. Mfanyabiashara wa sangara mwenye shehena tatu hutoa orodha ya vitu vitatu, na kila kitu huenda sawa. Mwenye shehena moja, mteja wa SOAP wa PHP, kwa mipangilio yake ya kawaida, humpa kitu kimoja kisicho orodha, na msimbo unaotarajia kuzunguka orodha huvunjika. Mwenye shehena sifuri hupata kitu cha tatu tofauti. PHP pia huandika orodha tupu iliyokusudiwa kuwa na majina ya funguo kama [] badala ya {}, na Java iliyotarajia kitu hukataa.

Lazimisha. Orodha iwe orodha ikiwa na kitu kimoja, mia, au hakuna kabisa. Na mkataba useme wazi maana ya sehemu iliyokosekana, sehemu yenye null, na sehemu yenye maandishi matupu. Ukinyamaza, kila lugha itachagua maana yake.

3. Usibebe fedha kwa desimali za kuelea.

Aina za float na double haziwezi kushika sehemu ya kumi kwa usahihi. Shilingi kwa shilingi kosa halionekani. Kwenye asilimia za ada na jumla za mwezi hesabu hukataa kukaa sawa. Tumia BigDecimal, decimal ya C#, au namba nzima. Lakini hata BigDecimal ina mtego: ukiondoa sifuri za mwisho za 1000 na kuigeuza kuwa maandishi kwa njia ya kawaida, Java huandika 1E+3. Mhasibu hajui hiyo ni nini, na huenda hata mfumo wake haujui. Andika tarakimu wazi, bila mkato wa maelfu, na sarafu itajwe kando: TZS.

4. Usijibu "sawa" kwenye kosa.

Kurudisha hali ya 200 yenye ujumbe "imeshindikana" ndani ya mwili wake ni kumdanganya kila anayekusikiliza. Kosa la aliyetuma lipewe 400 na wenzake. Kosa lako lipewe 500 na wenzake. Ndani yake weka msimbo wa kosa usiobadilika na maelezo ambayo binadamu atayasoma. Usirudishe kamwe mistari ya makosa ya ndani ya seva yako; inamfundisha mwizi ramani ya nyumba.

5. Usizime ukaguzi wa cheti.

Lugha nyingi zina mstari mmoja wa kuzima ukaguzi, na kila mstari huo umewahi kuwekwa "kwa muda tu" usiku wa kuamkia uzinduzi. Ukiuweka, yeyote aliye katikati ya njia anaweza kujifanya benki. Ukiukuta kwenye msimbo uliorithi, uondoe leo, kisha tatua tatizo la kweli, ambalo karibu siku zote ni mlolongo wa vyeti usiokamilika.

6. Usibadilishe majina kimyakimya, wala usidharau herufi kubwa na ndogo.

C# hupenda Kiasi, JavaScript hupenda kiasi, na msomaji wa kawaida wa System.Text.Json huziona kuwa sehemu mbili tofauti. Chagua mtindo mmoja kwenye mkataba na uulinde.

Hatari ni kubwa zaidi kwenye utambulisho. Wizara ya Afya hutumia DHIS2, mfumo ulioandikwa kwa Java, kukusanya takwimu za vituo vya afya nchini. Kila kitu ndani ya DHIS2 kina utambulisho wa herufi na tarakimu 11, ambamo herufi kubwa na ndogo ni tofauti. MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida hulinganisha maandishi bila kujali ukubwa wa herufi. Ukihifadhi utambulisho huo humo bila kubadilisha mpangilio wa ulinganishaji, vituo viwili vinaweza kuhesabiwa kimoja, na dawa za malaria za kituo kimoja zikaandikwa kwenye kingine. Pia kipindi cha mwezi kwenye DHIS2 ni 202503. Usitume "Machi 2025".

Ukilazimika kubadilisha mkataba, toa toleo jipya kwenye anwani mpya, acha la zamani likifanya kazi, na mtangazie kila aliyeunganishwa tarehe ya kulifunga. Kuongeza sehemu isiyo ya lazima kunaruhusiwa. Kuondoa, kubadili jina au kubadili aina ni toleo jipya, hata kama unaona ni kitu kidogo.

7. Usiingie kwenye kanzidata ya mwenzako.

Wapo wanaopeana nenosiri la kanzidata na kuita jambo hilo muunganisho. Siku mwenye nyumba akibadilisha jina la safu moja, mfumo wa mgeni hufa bila taarifa, na siku data ikiharibika hakuna ajuaye ni mkono wa nani. Mamlaka ya Serikali Mtandao inaendesha GovESB ili taasisi za umma zibadilishane taarifa kwa ujumbe unaopita mahali pamoja panapojulikana. Fuata njia hiyo hata kama unaunganisha maduka mawili ya barabara ya Kenyatta.

8. Usimwage taarifa za watu kwenye kumbukumbu za seva.

Muunganisho unapogoma, kishawishi cha kwanza ni kuandika kila ujumbe mzima kwenye faili. Ujumbe huo una namba ya NIDA, simu, jina, na pengine ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo haina msamaha kwa aliyekuwa anatafuta hitilafu. Andika namba ya muamala, wakati, hali ya jibu na muda uliotumika. Ujumbe mbichi unaolazimika kuutunza kwa ajili ya sahihi ufungwe kwa ufunguo, na uwe na tarehe ya kufutwa.

Lakini usikose kumbukumbu kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na muamala usio na namba yake kwenye kumbukumbu za pande zote mbili huishia kwenye ubishi usio na mwamuzi.

9. Usilaumu lugha ya mwenzako.

Ukisikia sentensi "kwetu inafanya kazi", ujue mazungumzo yamekufa. Toa ujumbe mbichi uliotuma, toa ujumbe mbichi uliopokea, uweke kando ya mkataba. Kinachopishana na mkataba ndicho chenye kosa, kiwe cha kampuni kubwa ya Dar es Salaam au cha kijana wa Igoma. Mkataba ukiwa kimya kuhusu jambo hilo, kosa ni la pande zote mbili, na marekebisho huanzia kwenye hati kabla ya msimbo kuguswa.

KABLA YA KUKABIDHI

Kwa wewe unayeandika: siku ya kukabidhi, weka mezani mkataba ulioandikwa, mifano ya ujumbe pamoja na majibu yake, na matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa lugha zisizopungua tatu.

Kwa wewe unayelipa, uwe hospitali, halmashauri, au mwenye stoo ya dagaa: huhitaji kujua Java wala PHP ili uombe vitu hivyo vitatu. Viombe kwa maandishi siku ya kusaini. Vikikosekana siku ya mwisho, kazi haijakamilika, na malipo ya mwisho yasitoke.